Dau Si Mwalimu

Kuna usemi uliozoeleka miongoni mwa wachezao nardi, ya kuwa mchezo huo haufundishiki pasipo fedha. Husemwa mikahawani, husemwa vilabuni, na siku hizi hukaririwa hata na vijana wa vyuo wachezao usiku katika simu zao. Atakaye kujifurahisha, wasema, na acheze bure. Bali atakaye kuujua mchezo hana budi kuweka dau. Usemi huu umevaa joho la hekima, na kwa sababu ya joho hilo watu wengi wameupisha mlangoni bila ya kuuliza umetoka wapi. Yafaa uulizwe. Ukiulizwa vema utaonekana kuwa ni tangazo la biashara, na kwamba wapigao mbiu yake kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale ambao chakula chao chatoka katika mifuko ya wanafunzi.

Nardi ni jina la Kiajemi. Waturuki huuita mchezo huo tavla, Waarabu wa Misri na Sham huuita tawla, na Waingereza bakigamoni. Kitabu kidogo cha Kipahlavi chasimulia kuwa ulibuniwa na Buzurgmihr, waziri wa mfalme Anushirwani, ili kuwajibu Wahindi waliokuwa wamempelekea mfalme wake sataranji kama fumbo. Kisa hicho ni cha kupendeza kuliko kuaminika, lakini kina maana: sataranji ni vita vya akili tupu, nardi ni akili iliyofungwa nira moja na majaliwa. Ubao una vituo 24. Kila mchezaji ana kete 15. Dadu mbili hurushwa, na kwa kadiri zilalavyo ndivyo kete ziendavyo. Uhuru wa mchezaji ni kuchagua kete ipi iende. Kete mbili zikikaa pamoja katika kituo huwa boma. Ikikaa moja peke yake yaweza kupigwa na kurudishwa mwanzo wa safari. Katika pwani ya Afrika Mashariki mchezo huu haukuenea kama bao, na msomaji aliyekulia barazani huenda akauona kuwa mgeni. Dau lake, hata hivyo, si geni kwa mtu. Neno hilo ni lile lile litumikalo kwa chombo cha baharini, na wapo waliouza cha baharini ili wapate kuweka la mchezoni.

Kabla ya kuendelea, jambo moja liwekwe mahali pake. Kamari imeharimishwa katika Uislamu kwa aya za Kurani, na nardi yenyewe ina Hadithi zenye karipio kali, ambazo kwazo wanazuoni wengi wameukataza mchezo huu hata pasipo dau. Aliyefungwa na hukumu hiyo ameshapata jibu lake, na maneno yafuatayo hayakusudii kumtoa humo. Mabishano ya hapa ni na wale waliokwisha kukaa mbele ya ubao, ambao hudai kuwa fedha iliyowekwa kando yake imewekwa kwa ajili ya elimu.

Hoja yao kubwa ni ya uchungu. Asiyefunzwa na mamaye, wasema, hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa mchezaji ni fedha zake. Mtu asiye na cha kupoteza husogeza kete ovyo, hucheka akipigwa, husahau kabla ya kuinuka. Aliyepoteza ujira wa siku hasahau. Tena hutaja mikahawa ya Istanbul na Kairo, ambako aghalabu mshinde hulipa chai, wakasema kuwa hata wazee wale wastahiki wameona haja ya dau. Mfano huu wa chai uachwe kando upesi, maana haumsaidii yeyote. Anayelipa vikombe viwili vya chai huwa amekunywa kimoja katika hivyo, na kesho yake mwenzake ndiye atakayelipa. Hiyo ni karamu ya kupokezana. Dau linalotetewa ni lile limtoalo mtu mezani akiwa na upungufu usiorudi.

Uchungu, basi, hufundisha? Mtoto aliyeshika kaa la moto hujifunza mara moja, kwa sababu moto huunguza kila mara. Lau moto ungekuwa huunguza leo na kupoza kesho, na ukawa mara nyingine humpa zawadi amshikaye, mtoto huyo angejifunza nini? Huo ndio moto wa nardi. Dadu mbili zina njia 36 za kulala. Mchezaji aliyeacha kete yake peke yake vituo sita mbele ya adui ameiweka katika hatari ya njia 17 kati ya hizo 36. Angeiacha vituo saba mbele, hatari ingeshuka hadi njia 6. Tofauti ni kubwa mno. Lakini mjinga aiachaye kwenye sita husalimika mara 19 katika 36, yaani mara nyingi zaidi kuliko apatwavyo. Na kila asalimikapo akashinda, fedha humjia mkononi na kumwambia kuwa alitenda vema. Mwenye busara aliyeiacha kwenye saba naye hupigwa mara moja katika kila sita, na fedha yake ikiondoka humwambia kuwa alikosea. Mwalimu gani huyu, asahihishaye kwa kurusha dadu?

Chukua wachezaji wawili, mmoja hodari kuliko mwenzake, ashindaye kwa wastani michezo 55 katika kila 100. Waketi jioni moja wacheze michezo tisa. Hesabu yaonyesha kuwa takriban mara 38 katika jioni 100 yule dhaifu ndiye atakayekwenda nyumbani na fedha. Katika jioni hizo 38 kila mmoja atakuwa amefunzwa kinyume: dhaifu ataimarishwa katika makosa yake, na hodari ataanza kutilia shaka mambo aliyoyafanya sawasawa. Wenye dau husema uchungu hauongopi. Kumbe huongopa zaidi ya mara moja katika kila jioni tatu.

Wala si lazima kubuni mifano. Mwezi wa Julai mwaka 1979, mjini Monte Carlo, Luigi Villa wa Italia, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu, alikutana na programu ya kompyuta iitwayo BKG 9.8, iliyotungwa na Hans Berliner wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Dau lilikuwa dola 5,000, zote za mshindi. Programu ilishinda kwa pointi 7 kwa 1, na dunia ikastaajabu. Baadaye Berliner mwenyewe aliuchunguza mchezo ule hatua kwa hatua, akakiri hadharani kuwa dadu ziliipendelea programu yake, kwamba programu ilikosea mara kadhaa, na kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi. Hapo pana somo lote. Dola 5,000 zilitolewa, na zikapewa upande uliocheza vibaya. Aliyegundua ukweli aliugundua kwa kukaa na karatasi ya hatua zilizochezwa, akiwa ameshalipwa na hana haja ya kujikosoa. Ukweli ulipatikana baada ya fedha kunyamaza.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, maana wahusu mafundi, si wanafunzi. Kwa miongo mingi wachezaji wakubwa wa Marekani na Ulaya, watu walioishi kwa dau, waliafikiana juu ya namna ya kuanza mchezo ikiwa dadu zimetoa 2 na 1, au 4 na 1, au 5 na 1. Ile moja, walisema, itumike kushusha kete katika kituo cha tano cha nyumbani, ikae pale peke yake, kwa tumaini la kuijengea boma zamu ijayo. Adui ana njia zisizopungua 15 kati ya 36 za kuipiga. Walijua hivyo, wakaona faida yashinda hatari. Fedha zisizohesabika zilipita mezani juu ya imani hiyo, na hakuna senti hata moja katika hizo iliyowaambia vinginevyo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM akatengeneza programu iitwayo TD-Gammon. Hiyo ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake. Haikuanza mchezo kwa kushusha kete ile. Ilichagua kuziachanisha kete mbili za nyuma. Mafundi walishangaa, wakaijaribu njia hiyo, wakahesabu, na wengi wao wakaiacha desturi yao. (Kwa 2 na 1 tofauti ni ndogo, na wapo waishikiliao njia ya kale hadi leo bila ya kuonekana wajinga, kwa 4 na 1 na kwa 5 na 1 neno limekwisha.)

Basi mwanafunzi aliyewafunza walimu alikuwa ni yule asiyekuwa na mfuko. Baada ya michezo 1,500,000 aliyocheza peke yake, toleo moja la programu hiyo lilicheza michezo 40 na Bill Robertie, aliyepata kuwa bingwa wa dunia mara mbili, na katika michezo yote hiyo likapungukiwa pointi moja tu.

Hapa watetezi wa dau huinua kidole. Programu nayo, wasema, ilikuwa na dau lake: iliambiwa imeshinda au imeshindwa, na kwa thawabu hiyo ikajirekebisha. Hoja hii ina uzuri wake, na asiyeijibu hajamaliza kazi. Kwanza, kushinda na kushindwa ni hesabu ya mchezo, nayo ipo hata kwa wachezao bure. Hakuna anayedai kuwa mchezo uchezwe bila ya mshindi. Pili, yatazamwe hayo mamilioni. Mtu achezaye michezo 20 kila siku, bila ya kuugua wala kupumzika Ijumaa au Jumapili, atahitaji zaidi ya miaka 205 kufikisha idadi ile. Mashine yaweza kuzifuta hila za dadu kwa wingi wa michezo. Mwana wa Adamu hana umri huo, na mwanafunzi aliyetumiwa posho na wazazi wake hana fedha hizo. Tatu, na hili ndilo kubwa, programu ile haikungoja mwisho wa mchezo ndipo ijifunze. Katika kila hatua ilikisia ni nani mwenye nafasi ya kushinda na kwa kiasi gani. Dadu ziliporushwa ikakisia tena. Na tofauti ya makisio hayo mawili ndiyo iliyoirekebisha. Ilijifunza katikati ya njia. Mwenye dau hulala njiani akaamka mlangoni, pale fedha zinapohesabiwa.

Huletwa pia habari ya hesabu yenyewe. Elimu ya makisio, wasema, ilizaliwa katika meza ya kamari, na asiyeipenda kamari asile matunda yake. Ni kweli kwamba katika mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla ya kwisha, fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Lakini yatazamwe nani aliuliza na nani alijibu. Wacheza kamari walikuwa wameweka fedha zao kwa karne nyingi, nalo swali likabaki swali. Waliolitatua ni watu wawili waliokaa mbali, mmoja Paris na mwingine Toulouse, wakiwa na wino na karatasi. Wala haipasi kusahau jinsi swali lenyewe lilivyo: lahusu mchezo uliosimama. Ilibidi wachezaji waondoke mezani ndipo hesabu iketi.

Jambo moja lapasa kukubaliwa bila ya kinyongo. Katika miaka ya 1920, mjini New York, mtu asiyejulikana jina lake alibuni kanuni ya kuongeza dau maradufu, ambayo baadaye ilipewa mchemraba wake wenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji ajionaye mbele humwambia mwenzake: na tucheze kwa mara mbili. Mwenzake aweza kukataa, akapoteza dau la kwanza papo hapo. Au akakubali, akaendelea. Hapo ndipo uzuri ulipo. Akikataa mara nne, amepoteza pointi nne. Akikubali mara nne, akashindwa tatu na kushinda moja, amepoteza sita na kupata mbili, yaani amepungukiwa nne zile zile. Kwa hiyo mwenye nafasi moja katika nne za kushinda yu kwenye mzani. Aliye na zaidi yafaa akubali, hata kama moyo umemwanguka. Watu wazima wengi hawajui kuwa kuna wakati wa kuendelea na jambo ambalo huenda likashindikana mara tatu katika nne. Mchemraba hulifundisha hilo kwa namba, nao ulitoka mikononi mwa wacheza kamari. Shukrani wapewe. Lakini hesabu iliyofanywa hapa haikutaja dola wala shilingi. Imefanywa kwa pointi, na pointi zaweza kuwekewa komwe. Komwe zilizo katika bao moja ni 64, nazo zatosha kabisa.

Yabaki hoja ya sheria, ambayo hupendwa sana na wale waliosoma kidogo. Mwaka 1982 hakimu mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aliamua kuwa mchezo huu ni wa ustadi kuliko bahati, na kwa hiyo haumo katika kamari iliyokatazwa na sheria ya jimbo lile. Miongoni mwa waliotoa ushahidi alikuwamo Paul Magriel, mwalimu wa hesabu aliyeacha darasa akafuata ubao, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 kimewalea wachezaji wa kizazi kizima. Hukumu hiyo hutajwa kana kwamba imeufungulia mlango mfuko wa mwanafunzi. Imeufungulia kweli. Kama ustadi ndio utawalao, basi katika muda mrefu fedha ya asiye stadi itakwenda kwa stadi, bila ya shaka na bila ya rufaa. Kwa fundi hiyo ni habari njema. Kwa anayejifunza, maana yake ni kwamba jioni zake za bahati zitamdanganya, na miaka yake itamfilisi. Akipenda, chongo huita kengeza. Na apendaye fedha ya mwenziwe huiita ada ya masomo.

Ada ni neno linalostahili kusimamiwa kidogo. Ada hulipwa kwa afundishaye. Lakini mtu anayekula kwa makosa ya mwenzake ana sababu gani ya kumwonyesha makosa hayo? Hapa ndipo dau linapoudhuru mchezo kuliko kwingine kote, kupita hata hasara ya mfuko. Humfunga mdomo ajuaye. Aonapo kete imewekwa pabaya hunyamaza, hutikisa kichwa kwa kusifu, pengine hushindwa makusudi mchezo wa kwanza ili wa pili uwe mkubwa. Ubao wenye fedha una mtu mmoja ajuaye na mmoja asiyejua, na umetengenezwa hivi kwamba maarifa yasivuke kutoka upande huu hadi upande huu. Kuuita ubao huo darasa ni kulitukana darasa.

Tofauti yake yaonekana katika bao la kete. Bao halina dadu, na kwa hiyo haliwezi kuamua neno lote la nardi. Lakini katika jambo la kufundishana ni shahidi mwema. Watazamaji wa bao hawanyamazi. Mchezaji akikosea huambiwa, tena kwa maneno ambayo hatayasahau kwa wiki nzima. Mzee huweza kuinyosha mikono, akazirudisha komwe mahali zilipokuwa, akaonyesha njia iliyoachwa. Heshima ya fundi hutokana na watu kuijua michezo yake. Anayesema kuwa mtu hawezi kujitahidi pasipo fedha aende akawatazame wawili wanaogombea jina katika baraza, kisha arudi aseme tena. Uchungu upo, na hauna bei.

Yuko mfalme mmoja wa Byzantium, Zeno, wa karne ya 5, aliyecheza mchezo uliokuwa mtangulizi wa nardi, ukichezwa kwa dadu tatu. Dadu zikamtokea 2, 5 na 6, zikamlazimu kuyavunja maboma yake mwenyewe na kuziacha kete zake zikiwa pekepeke. Mshairi Agathias, aliyeishi karne iliyofuata, aliihifadhi hali ile yote katika shairi, kituo kwa kituo, hata wataalamu wa zama hizi wameweza kuupanga ubao upya. Ikiwa palikuwa na fedha, hakuna azijuaye. Kilichodumu kwa zaidi ya miaka 1,500 ni mpangilio wa kete na dadu tatu.

Mawazo ya dau hayaishii kwenye ubao, na ndiyo sababu haifai kuyaacha yapite. Kijana aliyeaminishwa kuwa akili haiamki ila kwa fedha ataupima kila ujuzi kwa mizani hiyo. Atauliza sarufi yaleta nini, ushairi yaleta nini, na asipojibiwa kwa shilingi atafunga daftari. Tena Afrika Mashariki ya leo imejaa kamari za simu zinazompigia hodi kijana huyo kila saa, nazo hazimwambii kuwa ni kamari. Humwambia kuwa yeye ni mjuzi wa soka, na kwamba mjuzi hutia fedha yake pale ulipo ujuzi wake. Ni usemi ule ule wa mkahawani, umebadili nguo.

Atakaye kuujua mchezo ana njia, nayo ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Programu ya GNU Backgammon hutolewa bure, nayo humwonyesha mchezaji kila kosa na uzito wake, bila ya kungoja dadu zimhukumu. Asiye na kompyuta aandike: dadu zilizotoka, kete aliyoisogeza, na sababu yake, kabla ya mwenzake kurusha. Mchezo ukiisha warejee hatua ile waliyobishania, wapange ubao kama ulivyokuwa, wabadilishane viti, na dadu zirushwe tena kutoka pale pale, mara kumi, mara ishirini, hata mmoja wao aseme, haya, nimeona.